Siku Nilipolipua Maziwa Wodini

Hii aibu nimeificha karibu mwaka mzima, na ningeendelea kuificha kama wenzangu hapa Kitengela hawangesikia kipande chake kwa mtu mwingine na kukisimulia vibaya, kwa hivyo afadhali niiseme mwenyewe: mimi, niliye na digrii ya biokemia, niliyejaza kurasa nne za mtihani nikieleza jinsi maziwa yanavyochacha, nililipua chupa ya maziwa ndani ya wodi ya wanajeshi waliojeruhiwa vitani.

Anko wangu, ndugu mdogo wa mama, ni koplo. Alirudishwa kutoka Somalia na vipande vya chuma kwenye mguu wa kushoto, akalazwa miezi mitano katika hospitali ya jeshi Nairobi. Habari iliyotufikia nyumbani ni kwamba bomu lilipolipuka alimlalia askari mmoja mdogo, ndiyo maana kijana yule alitoka mzima. Kila mtu aliamini. Mimi (mnanijua) niliuliza ni nani aliyeona, na je, mtu hupata wapi muda wa kuamua jambo kama hilo. Ziara yangu ya kwanza nikamuuliza mwenyewe, mbele ya wenzake saba:

"Anko, ulimlalia kweli, ama bomu ndio lilikutupa juu yake?"

Mama alinifinya. Anko akacheka tu. "Hata mimi sijui, msomi. Sikupata muda wa kujiuliza."

Siku hiyo hiyo upepo ulibamiza mlango wa stoo. Wodi nzima ikanyamaza, kisha sauti zikaanza kupokezana kutoka kitanda hadi kitanda, moja, mbili, tatu, mpaka nane (Anko alikuwa wa saba), halafu mazungumzo yakaendelea kama kawaida. Nikauliza kwa nini wanahesabiana na wako chumba kimoja, kwani hawaonani?

"Mimi siwaoni," akasema sajini wa kitanda cha tatu, aliyefungwa bandeji machoni. "Nikisikia mlio nataka kujua nani yuko."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikamweleza kwamba mlango hauui mtu.

Ikafika wiki ambayo daktari angeukagua mguu, na mishono ikiwa imeshika, Anko aende nyumbani. Koko, yaani nyanya yangu, mama yake Anko, anaishi mbele ya Kajiado mjini na magoti yake hayataki safari, kwa hivyo hakuwa amemwona mwanawe tangu aende vitani. Alichoweza kutuma ni maziwa lala, yale ya kuchacha, ndani ya kibuyu alichokifukiza mwenyewe kwa kijinga cha mti wa oloirien, kifuniko cha ngozi kikikaa juu kwa kulegea.

"Usikaze," akaniambia. "Maziwa yanapumua."

"Koko, maziwa hayana mapafu."

Kufika kwangu Kitengela nikakitazama kile kibuyu, nikajiona nikikipitisha kwenye geti la jeshi mbele ya watu wenye buti zinazong'aa, nikaona haya (ndiyo, nyinyi chekeni), na isitoshe kilikuwa kimeanza kuvuja kwenye begi langu, basi nikayamimina maziwa kwenye chupa ya soda ya lita mbili, nikakikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, na kuiweka dirishani, chini ya mabati, kwenye jua. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilienda hospitalini Jumamosi.

Getini askari aliibonyeza chupa kwa kidole. "Hii imevimba hivi kwa nini?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa, afande."

Akanitazama kidogo, akanipitisha.

Nilimkuta Anko amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi, ameketi ukingoni mwa kitanda akimngoja daktari wa saa tisa, magongo yake yameegemezwa ukutani. Nesi alikuwa akipanga vyombo kwenye trei. Nikaitoa chupa, nikaona maziwa yamejitenga na maji, nikaitikisa vizuri kama mtu anayejua anachofanya.

"Hayo ni ya mama?" Anko akauliza, na uso wake ulikuwa wa mtoto kabisa. "Mbona yako kwa chupa?"

"Ni usafi, Anko," nikasema, nikakizungusha kifuniko.

Kilitoka kwa mlio wa bunduki, kikagonga trei ya nesi, trei ikaenda chini na vyombo vyote, na kabla sijafunga mdomo nilipigwa na uzito kifuani, nikajikuta sakafuni, mkono wa mtu umefunika kichwa changu, uso wangu umebanwa kwenye shati lililopigwa pasi, na maziwa yakitunyeshea sote wawili.

Kisha mtu akasema, "Moja." "Mbili." Sajini akasema, "Tatu." Nne, tano, sita. Hapo hesabu ikakatika, na nikasikia wodi nzima ikingoja.

"Saba," akasema Anko, mdomo wake kando ya sikio langu. "Na mgeni mmoja."

"Nane."

Yale magongo yalikuwa bado ukutani. Swali langu la ziara ya kwanza lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa na kilo themanini.

"Hiyo ni harufu ya maziwa lala," sajini akasema polepole, "ama nimeanza kuona na pua?"

Wodi ikaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nesi alikuwa amepiga magoti penye mguu wa Anko na bandeji ilikuwa inageuka nyekundu. Mishono mitatu ilikuwa imeachia.

Daktari aliingia akakanyaga maziwa, akautazama mguu, akanitazama mimi. "Wiki mbili zaidi. Nani alileta hii kitu?"

"Ni msomi wetu, daktari," Anko akasema, meno yameumana kwa maumivu. "Anafanya utafiti."

Nilipewa mopu. Nilipiga deki chini ya vitanda vinane, kila mwenye kitanda akinionyesha nilipopaacha, hata sajini: "Kijana, hiyo kona bado inanukia."

Kisha nikampigia Koko simu, nikamsimulia yote.

"Ulikaza?"

"Nilikaza, Koko."

"Na mwanangu akakurukia?"

"Akanirukia."

"Basi huo mguu utapona," akasema, na kukata simu.

Baada ya wiki mbili tulimpeleka nyumbani kwa Koko. Jioni upepo ukabamiza mlango wa mabati, Anko akatulia ghafla, kikombe mkononi. Sikuuliza chochote.

"Moja," nikasema.

"Mbili," akasema Anko.

Koko akatutazama. "Mnahesabu nini?"

"Watu, mama."

"Basi na mimi niwekeni."

Kwa hivyo, wenzangu, maswali bado nitauliza, sijaacha na sidhani nitaacha. Ila maziwa nayabeba kwenye kibuyu, yananimwagikia suruali mbele za watu kutoka Kajiado mpaka hapa, na yeyote akitaka kujua kwa nini sikazi kifuniko, mimi mwenye digrii namwambia yanapumua.