Ulezi wa shamba la mama ulivyofika Muscat

Wakuu, habari za mchana. Nipo Bigwa, hapa Morogoro. Haya yamenikuta mwenyewe, nayasimulia kama yalivyokuwa.

Dada yangu Zuhura ameolewa Muscat, Oman. Alipopata mimba ya kwanza akanipigia.

"Mama angekuwepo angenipikia uji wa ulezi. Nikijifungua nautaka huo, wa shambani kwake. Sio wa dukani."

Mama tumeshamzika. Shamba lake huko juu Uluguru lilikuwa pori tupu. Siku hizi kule ni ndizi na mboga za kuuza mjini, ulezi wanauona kazi ya kizamani.

Nikapanda kwa mjomba. Kwetu Waluguru ardhi inatoka upande wa mama, bila mjomba hugusi kitu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuuza shamba?"

"Nimekuja kulima ulezi."

Akaingia jikoni, akatoka na masuke yaliyokolea moshi. Mbegu ya mama! Kumbe kila msimu alikuwa anaipanda kidogo pembeni, isipotee.

Wakuu, palizi ya ulezi isikieni kwa wengine. Magugu yake yanafanana nao kama mapacha, nimeng'oa ulezi mwingi tu nikijua majani. Bado ndege wa kufukuza.

Tukavuna na mjomba kwa kisu, suke moja moja. Tukapura juu ya turubai usiingie mchanga.

Sampuli nikampelekea mfanyabiashara mmoja mjini, Mhindi, familia yao inasafirisha viungo nje. Akaumwaga kiganjani, akatafuna punje.

"Msafi huu. Oman wanautaka. Niletee tani."

Nikacheka. Tani naitoa wapi? Ila alinielekeza kwa mkaguzi wa mimea nikapata cheti, na kifuko cha ulezi wa Zuhura kikaondoka na mzigo wa huyo mfanyabiashara.

Jana Zuhura kapiga video, kichanga kifuani, kikombe mkononi. Akanywa funda moja, machozi yakamtoka.

"Ndio wenyewe?" nikamuuliza.

"Ndio wenyewe, kaka. Aliyekuwa ananipozea tu ndiye hayupo."



Nilichojifunza: wanunuzi wa nje wapo, mbegu zetu ndizo zinakwisha. Kama una mzee anayezitunza, zifuate angali hai.

Mnaolima ulezi wa export, njooni mnisahihishe hapa. Na ninyi mlio mbali na kwenu, mnakumbuka chakula cha mkono wa nani?