Fundi wa Kawajense aliyeikataa mazabodi ya laki na sitini

Saa saba mchana, jua la Oktoba 1999 linachoma bati la kibanda kimoja cha Kawajense, mjini Mpanda. Kabula Machibya ameweka kidole kwenye kipoza joto cha kompyuta na anahesabu kwa sauti. Anapofika sita anakitoa haraka na kukipuliza.

"Asubuhi nilifika kumi," anasema, kisha anaandika daftarini.

Mbele yake, juu ya kipande cha boksi, kuna mazabodi, ubao unaobeba vifaa vyote vya kompyuta. Mwalimu mstaafu Telesfori, wa kijiji cha Kakese, ameletewa ubao huo na mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam kama sampuli. Akiridhika atanunua nane, kwa michango ya wazazi, afungue darasa la kompyuta. Moja ni shilingi laki moja na sitini.

Kabula, ambaye wengi humwita Mama Minza, ana miaka thelathini na mmoja, na katika mwezi mzuri hupata elfu arobaini. Wazazi wake walitoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe. Ufundi wa redio alifundishwa na mjomba wake, na kompyuta akazisomea Tabora kwa miezi sita. Mwalimu amemuahidi kazi ya kudumu ya kutunza mashine za darasa hilo.

Mazabodi hiyo ameipima kwa siku nne. Amekagua kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, moja moja, na kuona risasi ya kuunganishia imeshika vizuri. Umeme wa mji umepanda na kushuka, ubao haukutetereka. Kazi inayochukua dakika tisa kwenye mashine yake, huu umeimaliza kwa nne.

"Mwendo wa mashine unauongeza hapo hapo kwenye skrini," anasema, macho yakimng'aa. "Sijawahi kushika kitu kama hiki."

Ila akiuongeza mwendo, joto la mchana likipanda, mashine inaganda.

Jioni Mwalimu alipokuja, Kabula alimweleza bila kuzunguka.

"Mwalimu, ubao ni mzuri sana, lakini si wa darasa. Kwa mwendo wa kawaida hauna shida, ila kwa mwendo huo hata ubao wa elfu sabini unatosha. Huu ni wa mtu anayekaa nao na kuuangalia kama mgonjwa."

"Mama Minza, wewe umezoea redio," Mwalimu alijibu. "Wazazi nimeshawaambia tunaleta mashine za kasi kuliko zote. Nirudi niwaambie nini?"

"Waambie nilivyokwambia."

"Basi njoo uwaambie mwenyewe."

Jumamosi Kabula alifunga mazabodi, skrini na vifaa vyake kwa vitenge, akapanda baiskeli hadi Kakese. Kwenye darasa la bati waliwasha jenereta. Mwalimu akamtaka aongeze mwendo, watu waone. Akauongeza. Picha zikapita kwenye skrini, wazazi wakapiga makofi.

Dakika ya thelathini na tano picha ikasimama. Kabula akabonyeza kila kitufe, haikusogea. Akazima, akawasha upya. Baada ya dakika kumi ikaganda tena.

"Sasa watoto watasoma au watakuwa wanaipepea?" aliuliza Suzana, mama wa watoto watano. Watu wakacheka. Mwalimu alikaa kwenye dawati la mbele, akavua miwani na kuifuta.

Kisha akasimama. "Fundi alinieleza, mimi nikabisha," alisema. "Tuchukue zile za elfu sabini. Na yeye ndiye atakayezifunga."

Sampuli ilirudishwa kwa mfanyabiashara wiki hiyo hiyo. Kabula anasema aliifuta vumbi kwa brashi ya rangi kabla ya kuitia kwenye boksi lake, na alichelewa kidogo kulifunga.

Mshahara wa darasa utakapoanza, amepanga kujenga chumba cha tofali, chenye dari na madirisha mawili ya kupitisha upepo. Chumba hicho hakitakuwa cha wateja.

"Nitanunua kama ile, ya kwangu," anasema. "Watoto haiwafai, lakini mimi inanifaa. Nataka nikae nayo, nijue mwisho wa mwendo wake ni wapi."