Mwenzangu, kwa Kiarabu

Jumanne iliyopita, hata chai sijaimaliza, nilipigiwa simu kuambiwa kuwa askari wa mlangoni petu amefariki. Alianguka asubuhi akiwa kazini, pale pale mapokezi, kwenye jengo nilikopanga ofisi huku kwa Waarabu, Jumeirah Lake Towers. Mshipa wa kichwani ulipasuka, na alipofikishwa hospitali hapakuwa na la kufanya. Wasomaji wa siku nyingi mnamjua, ingawa hamjui kama mnamjua. Ndiye yule mwanamke wa Kikenya niliyewahi kumlalamikia hapa hapa safuni kwa kunizuia nisiingie ofisini kwangu mwenyewe. Siku ile nilikuwa nimesahau kadi nyumbani, Al Twar. Nina umri wa baba yake, na kwa miaka minne alikuwa akiniona kila asubuhi. Akanisimamisha. “Mzee, kadi.” Nikamuuliza kama kweli hanijui. “Nakujua sana, mzee. Hata chai yako najua haina sukari. Lakini hapa sikuandikwa kukujua, niliandikwa kuangalia kadi.” Nilirudi nyumbani nikaandika safu nzima ya hasira. Akaisoma kwenye simu, na kesho yake akaniambia nimemnukuu vibaya, kwa sababu nimeandika alisema “tafadhali” na yeye hakusema.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa karatasi. Aliamini kwamba kitu kikiandikwa na kupigwa muhuri, basi kimekwisha, hakuna wa kukibisha. Mimi kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, Kiswahili na Kiingereza kwenda Kiarabu, kwa hiyo tulielewana. Siku moja, saa yake ya chakula, akapanda ofisini kwangu na bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa cha Cape Town, kimeandikwa vizuri, muhuri wake safi. Nikasoma majina mawili, nikayarudia. Yote mawili ya kike. Moja lake, na la pili la binti wa Tanga anayetandika vitanda katika hoteli moja ndogo huko Al Muraqqabat. Walikuwa wamekutana Cape Town wote wakitafuta riziki, wakaoana kwa sheria ya kule, kisha kazi ikawaleta huku.

“Hiki si halali, mzee?”

“Halali kule.”

“Na hapa?”

Nikamwambia akifiche chini ya nguo, asimwoneshe mtu. Hapa si kwamba hakitambuliwi tu, kinaweza kumpeleka mahakamani. Akakikunja taratibu, akakirudisha kwenye bahasha. “Sasa mimi niliachika saa ngapi? Ama ni rubani aliyenipa talaka tukiwa huko juu?” Nikacheka. Leo naona haya kwamba nilicheka, maana hakuwa akitania. Alikuwa ameuliza swali la kisheria, na mtu pekee aliyemwona anafaa kumjibu akamchekea.

Waliishi chumba kimoja huko huko Al Muraqqabat na wasichana wengine wanne, Waganda na Wakenya, vitanda vya juu na chini, pazia katikati. Hakuna aliyewashuku, na sifa hiyo naipa lugha yetu. Kiswahili hakimuulizi mtu jinsia ya anayemtaja. Mmoja akisema “namsubiri mwenzangu,” ni nani atakayeuliza? Wote chumbani wanaitana hivyo. Aliyelala kitanda cha juu ni mwenzangu, tunayepanda naye basi la kampuni ni mwenzangu, na mume wa miaka arobaini, akitajwa na bibi mwenye adabu zake, naye ni mwenzangu. Neno hilo ni kama mkeka wa wageni, kila mtu anapata pa kukaa. Wale wawili walikaa juu yake miaka minne kwa amani.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha. Siku ya pili ya msiba yule binti wa Tanga akaniomba nimsindikize hospitali. Kiingereza anacho, lakini mbele ya karani kilimkauka chote, akabaki na Kiswahili tu. Alikuwa na mfuko wenye suruali nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi, nguo ambazo marehemu alisema avishwe akifa. Aliomba mambo mawili: amvishe kwa mkono wake, na afuatane naye hadi kwao akazikwe. Karani hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti, akatuagizia maji. Kisha akauliza kwa Kiarabu, kama alivyotakiwa kuuliza: huyu ni nani wa marehemu?

Nikamgeukia. “Mwambie ni mwenzangu, baba,” akasema. Akarudia, “Mwenzangu.”

Nimetafsiri kwa kiapo miaka zaidi ya thelathini. Kiarabu hakikunipa mkeka ule. Kilinipa maneno mawili. La kwanza zawja, yaani mke, ambalo lingemtoa pale na kumpeleka polisi kabla hata maiti hajatoka. La pili zamila, mfanyakazi mwenzake. Nikasema zamila.

Karani akafunga faili. “Zamila hawezi kusaini, ya akhi. Leteni ndugu wa damu. Khalas.”

Binti yule hajui Kiarabu cha vitabuni, ila neno zamila analisikia kila siku kazini. Akanitazama. “Umemwambia mimi ni mfanyakazi mwenzake,” akasema kwa sauti ndogo. “Baba, hata kazi moja hatujafanya.”

Ndugu wa damu akapatikana upesi. Kaka wa marehemu, ambaye alikuwa hajapokea simu ya dada yake tangu habari za Cape Town zimfikie, akatuma picha ya kitambulisho na barua ya mistari mitatu, na kwa hiyo mistari mitatu maiti akawa wake. Sharti lake lilikuwa moja, huyo rafiki asikanyage kwao. Marehemu akavishwa na watu wa kampuni ya kusafirisha maiti, sijui nguo gani. Mfuko wa binti ulirudi Al Muraqqabat kama ulivyotoka. Maziko aliyatazama kwenye simu, na kwenye maziko hayo mtu mwenye suti akasoma historia ya marehemu na kusema hakujaliwa kuolewa.

Nilipomsimulia mke wangu, ambaye Unguja haijamtoka ulimini kwa miaka yote tuliyokaa huku, alitaka kwanza tuelewane. “Mie dini yangu naijua, na ndoa hiyo siikubali, wala usinitie maneno mdomoni,” akasema. “Lakini kumzuia mtu asimvishe maiti wake, hiyo nayo imeandikwa wapi?” Hasira yangu ikazidi, kwa sababu yeye asiyeikubali ndoa ile alikuwa ameelewa kuliko watu wengi wanaojua sheria.

Najua barua zitakazokuja. Kila nchi na mila zake, mtaniambia. Haya, sikilizeni. Mezani kwangu hupita vyeti vya ndoa vya dunia nzima: Wahindi waliozunguka moto, Wafilipino wa kanisani, watu wa bomani wasio na dini yoyote, mke wa pili wa Pemba aliyeozwa ukumbini kwa baba yake. Navitafsiri, vinapigwa muhuri, na watu wanapata viza za familia. Anayepiga muhuri haamini ule moto, wala hakuombwa auzunguke. Anakubali kwamba nchi nyingine ilishaandika, na maandishi yanasomwa. Mnaisifu tabia hiyo, mnaiita ustaarabu wa kuheshimiana. Kisha kinakuja cheti kimoja chenye majina mawili ya kike, na ghafla kusoma kunakuwa dhambi. Na msiunyooshee mji huu peke yake kidole. Kule kwetu, Mombasa na Tanga, cheti kile kingetupwa vivyo hivyo, na makofi tungepiga. Hakuna aliyeiomba serikali yoyote iwafungishe ndoa wale wawili. Ilikwisha fungwa. Iliyobaki ni kujua maiti ni wa nani.

Likizo ya msiba, kwa wanaofanya kazi huku, hupewa aliyefiwa na mume, mke au jamaa wa karibu. Binti alipokwenda kuomba, madam wake hotelini alimpa pole ya kupotelewa na rafiki, akamkumbusha zamu yake. Alikwenda. Siku ile ya maziko alitandika vitanda vya vyumba kumi na sita, na simu akaitazama chooni.

Nilichojifunza kimeniuma. Nilidhani serikali inapokataa kusoma cheti cha nchi nyingine, basi uongo ni wake. Serikali haikusema uongo wowote. Iliuliza swali, ikaniachia mimi niuseme, kwa mdomo wangu na kiapo changu, nikiwa na nia njema kabisa. Na kaka mtu akausema wake, na mwenye suti akausema wake, mpaka mwanamke aliyeolewa akazikwa kama hakuwahi kuwa na mtu. Pale hospitali nisingeweza kusema kweli bila kumponza. Hapa nimeficha majina, basi naweza. Tafsiri yangu ya siku ile haikuwa sahihi. Yule binti si mfanyakazi mwenzake wala si rafiki. Ni mjane, na anayetaka kumpa pole, ampe ya mjane.