Plagi Mfukoni mwa Baba Pacha

Mama Pacha anapuliza glavu. Anaujaza mpira pumzi, anaukunja kwenye kifundo ili hewa isitoroke, kisha anausogeza shavuni na kutulia. Akihisi upepo, hata kama tundu lenyewe ni la sindano, glavu hiyo inaishia kwenye pipa la taka.

"Hii nzima," anasema, na kuichukua ya pili.

Mbele yake, katika karakana ya kampuni inayouza magari, kuna gari jeupe la haibridi, yaani lile linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Kiti cha nyuma kimeng'olewa. Chini yake imelala betri kubwa, na ndani yake zinatoka nyaya nene za rangi ya chungwa. Rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Umeme wa humo hauna masihara na mtu.

Magari ya toleo hili yameitwa na kiwanda. Imegundulika kwamba bolti zinazoshika nyaya hizo hulegea taratibu, na gari linaweza kuzima ghafla katikati ya barabara au kuanza kufuka moshi. Wenye magari wameombwa wayalete yatengenezwe bure. Wengi walipopigiwa simu walicheka wakakata, maana neno bure limeshawaponza watu wengi. Lakini sasa wameanza kuja, na uani kuna foleni.

Leo kuna mgeni pia. Nyuma ya kioo cha chumba cha kusubiria ameketi mwanamume mrefu, mkono wa kulia kaufutika mfukoni. Huyo ni mumewe, Baba Pacha. Tangu mkewe aanze kazi hapa hajawahi kukanyaga, na leo amekuja kwa makubaliano.

Mama wa mapokezi, ambaye karakana nzima humwita Shangazi, anastaafu mwisho wa mwezi. Mama Pacha amepewa nafasi ya kukirithi kiti chake, akikitaka. Mumewe anataka akichukue, hata leo hii. Yeye hataki. Wamevutana weee, mpaka juzi Mama Pacha akakata maneno: njoo uone kwa macho yako ninavyofanya kazi, ukiondoka na roho bado iko juu, nitakwenda kukaa mapokezi.

"Na nikiahidi huwa sigeuki," anasema huku akiikaza glavu. "Hapo ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe."

Hofu ya Baba Pacha haikutoka hewani. Alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha sabuni, na mzuri.

"Nilikuwa juu ya ngazi, nafunga waya wa mota," anasimulia. "Chini mtu akauliza, fundi kamaliza? Mwingine akajibu, kamaliza. Wa tatu akawasha. Hakuna aliyeniuliza mimi niliye juu."

Mkono wake wa kulia ulibaki na vidole viwili, na kazi ikaota mbawa. Sasa anauza madaftari na kalamu mlangoni pa nyumba yao. Mshahara wa mkewe ndio unaowasomesha pacha, na karibu theluthi yake ni posho ya kazi hizi za umeme mkubwa. Mapokezi hakuna posho hiyo. Baba Pacha analijua hilo vizuri, na bado anaona heri wabane matumizi.

"Sina wivu na kazi yake," anasema. "Naogopa tu. Akichelewa kidogo, nakaa naitazama simu."

Mama Pacha hamlaumu. "Ningemwambia aache woga, lakini ningemwambia kwa mdomo upi? Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya shati mpaka alipojifunza kwa mkono wa kushoto."

Sasa anainamia betri na kuchomoa plagi ya usalama, kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Plagi hiyo ikitoka, umeme wa betri hauna njia ya kwenda kwenye gari. Sheria ya kazi ni kwamba fundi huiweka mfukoni mwake mpaka amalize, ili asije mtu mwenye haraka zake akairudisha wakati mwenzake bado mikono iko ndani. Mama Pacha anaipeleka mfukoni mwa ovaroli, anasita, kisha anamwita msimamizi wa karakana.

"Bosi, leo nataka ikae na mtu mwingine."

"Nani huyo?"

Anaelekeza kidevu kwenye kioo. Msimamizi anajikuna kisogo.

"Kinachotakiwa ni isirudi wewe ukiwa ndani," anasema. "Na shemeji namwona, huyo ataing'ang'ania. Mpelekee."

Anavua glavu, anaingia chumba cha kusubiria na kumwekea mumewe plagi kwenye kiganja cha kushoto.

"Hii ikiwa kwako, mimi niko salama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nije."

Baba Pacha anaitumbukiza mfukoni na kuushikilia mfuko kwa nje. Nyuma ya kioo mkewe anasubiri kwanza umeme uliobaki kwenye mitambo upungue, anapima kwa mita, inasoma sifuri, ndipo anashika spana.

Mwenye gari naye yumo chumbani humo, na hakai chini. Ni fundi cherehani wa nguo za harusi. Gauni jeupe lililokuwa kwenye kiti cha nyuma sasa linaning'inia kwenye fimbo ya pazia, na bibi harusi hampi nafasi ya kupumua kwa simu.

"Kaka, na wewe unasubiri gari?" anamuuliza Baba Pacha.

"Nasubiri fundi."

"Basi mwambie afanye hima, mwenzio nitakuja kuvuliwa nguo na ukoo mzima."

Baba Pacha anatabasamu kidogo, ila macho hayabanduki kwenye kioo.

Muda si mrefu Shangazi anachungulia mlangoni. "Shemeji, naomba hiyo plagi. Mambo tayari."

Baba Pacha hajitingishi. "Nani kasema?"

"Msimamizi."

"Msimamizi kaambiwa na nani?"

"Na fundi mwenyewe, jamani. Kamaliza."

Neno hilo linampausha uso. "Aje mwenyewe," anasema.

Shangazi anamtazama mshonaji, mshonaji anamtazama Baba Pacha. Simu inalia tena.

"Kaka, nakuomba. Hicho kitu ni changu, kimetoka kwenye gari langu."

"Ni chako, dada yangu. Nitakupa heshima zote, plagi sikupi. Aje mwenyewe."

Msimamizi anafika, anarudi na Shangazi mikono mitupu, anamwita Mama Pacha. Kichwa cha fundi kinachomoza mlangoni mwa gari. Mkono mmoja bado uko chini, kwenye betri.

"Nani kasema nimemaliza?" anauliza. "Nilisema bolti tayari. Mfuniko bado."

Msimamizi anashusha macho. "Nimeikata habari njiani," anasema. "Kosa langu."

Mama Pacha anafunga mfuniko bila papara, anavua glavu na kuja. Mumewe anasimama. Haitoi plagi kwanza. Anamshika mkono mmoja, anaugeuza, anautazama, kisha wa pili, na machozi yanamlengalenga bila yeye kuyaficha. Ndipo anampa.

Kisha kwa mara ya kwanza leo, anautoa mkono wa kulia mfukoni. Vile vidole viwili vinagusa mfuko wa ovaroli ya mkewe.

"Huu hauna kifungo," anasema. "Ukiinama, plagi itadondoka."

"Sasa?"

"Sasa jioni unipe ovaroli zako. Nitazitia vifungo."

Shangazi anauliza kama basi jina la Mama Pacha aliandike kwa kile kiti cha mapokezi.

"Tafuteni mtu mwingine," anajibu Baba Pacha. "Ila kuanzia leo, plagi isiombwe kwa mdomo wa mtu wa pili."

"Haitaombwa," anasema msimamizi.

Gari linawashwa, na kwa kuwa la haibridi halingurumi, mshonaji anaendelea kulalamika mpaka anaonyeshwa taa za mbele. Analaza gauni lake kwenye kiti cha nyuma, anapekua mkoba, anarudi mbio na kumwachia Baba Pacha vifungo vya akiba vya lile gauni, vyeupe vinavyong'aa.

"Kwenye ovaroli ya grisi?" anacheka Mama Pacha.

Mwakani anataka kufanya mtihani wa ukufunzi, afundishe mafundi wengine kazi ya haibridi. Leo ana gari jingine linalomngoja. Anaiokota glavu, anaipuliza, anaisogeza shavuni. Nyuma ya kioo mumewe ameketi tena, vifungo vimepangwa juu ya goti, anatafuta vinavyofanana.