Unga wa Njano

Kati ya kazi zote za uuguzi nilizowahi kufanya, ninayoijua vizuri zaidi ni ile ya kwenda majumbani. Miaka ya tisini, kabla sijahamishiwa Kibondo, nilikuwa kwenye zahanati moja upande wa Nyakitonto, wilayani Kasulu. Nilikuwa na baiskeli ya kazi, sanduku la bati la vifaa, na daftari la wagonjwa wa nyumbani. Nilikuwa hodari wa vidonda. Nilikuwa pia hodari wa kukemea, na sikuona ubaya wowote. Nilidhani kukemea ni sehemu ya dawa.

Mimi ni Muha, mzaliwa wa Buhigwe. Bibi yangu alitibu kila kitu kwa mizizi na majani, na nina kovu kwenye goti linaloonyesha ustadi wake uliishia wapi. Nilipotoka chuoni nilikuwa nimeapa kwamba kidonda chochote kitakachopita mikononi mwangu hakitapakwa kitu kisichotoka duka la dawa. Kila nilipoona rangi ngeni juu ya jeraha, damu ilinichemka.

Asubuhi moja nilikuwa natoka kumgeuza mzee mmoja aliyepooza, jirani akanikimbilia njiani. Akasema mwendesha mashine ya kusaga ameumia, yuko nyumbani kwake. Nilimfahamu kwa sura, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Nilimkuta amekaa mkekani, jasho linamtiririka, mkono wa kulia umefungwa kwa kipande cha kitenge. Mkewe alikuwa amemshika kiwiko ili mkono usishuke. Nikafungua kitenge. Vidole viwili vilikuwa vimesagika hadi mfupa, na katikati ya damu palikuwa na kitu cha njano, kizito kama uji, kimejaa mpaka kiganjani.

"Haya madawa yenu mtayaacha lini?" nilimwambia mkewe. Nilimsemesha kwa Kiswahili, tena kile cha chuoni, ingawa wote wawili tumelelewa kwa Kiha.

Akafungua mdomo.

"Usiniambie kitu. Nichemshie maji."

Akachemsha maji. Niliosha mkono ule mpaka ukawa mweupe, kwa uangalifu ambao mwalimu wangu angejivunia. Kile kitenge nikaamuru kichomwe, na mama wa watu akakichoma palepale mekoni. Kisha nikaandika kwenye daftari: "Jeraha la vidole viwili. Mkewe amempaka dawa ya kienyeji. Limesafishwa." Nikanakili maneno hayohayo kwenye karatasi ya rufaa, tukampakia kwenye lori lililokuwa linarudi mjini tupu kutoka kupeleka chakula kwenye kambi ya wakimbizi.

Hospitalini walivikata vidole vyote viwili. Na tabibu aliyempokea, kama tulivyofanya wengi tulipozidiwa na foleni, alinakili kwenye kadi yale niliyoandika mimi.

Mgonjwa aliporudi nyumbani ikawa kazi yangu kumbadilishia bandeji. Hapo ndipo nilipopata habari nzima. Mkono wake ulinaswa na mkanda wa mashine akiwa kazini, kwa sababu kile kizuizi cha bati kinachofunika mkanda kilikuwa kimetolewa zamani na hakikurudishwa. Mwenye mashine alisema hapana. Alisema mtu huyo aliaga mapema siku ile, akaenda kwake, akajiponda kwenye kinu akitwanga muhogo. Wateja waliokuwapo walikuwa wakimbizi kutoka kambini, nao walishatawanyika. Mwenzake aliyezima injini bado alikuwa anakula kwa tajiri huyo, kwa hiyo hakuona kitu. Shauri likapelekwa kwa afisa kazi. Kama ingethibitika aliumia kazini, angelipwa fidia. Kama si hivyo, alikuwa mwanamume mwenye mke, mama yake, watoto wanne na mkono mmoja wa kulimia.

Siku chache kabla ya shauri nilikwenda sokoni. Wanawake wa kambini walikuwa wanauza unga wa mahindi ya msaada, yale ya njano. Sisi wenyeji tuliyadharau, tukisema ni chakula cha kuku, na mimi sikuwahi kuyaingiza jikoni kwangu. Siku hiyo muhogo ulikuwa haba, nikainama kuupapasa unga ule kwa vidole. Mikono yangu ilikuwa na maji, nilikuwa nimetoka kuosha nyanya. Unga ukanishika vidoleni, ukawa uji mzito wa njano.

Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza, "Mama, unachukua ao huchukui?"

Sikuchukua. Katika nyumba ile walikuwa wanakula muhogo, na unga wa muhogo ni mweupe. Mahindi ya njano yalikuwa yanasagwa sehemu moja tu, mashineni. Jeraha lilikuwa limekuja na ushahidi wake, nami nikauosha, nikachoma kilichobaki, na kuandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Nilimwendea mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, nikamwomba nirekebishe daftari. Akasema daftari la serikali halifutwi. Nikaomba basi niitwe kwenye shauri, na nikaitwa.

Kusema "nilikosea" mbele ya watu si jambo dogo kwa mtu aliyezoea kukosoa wengine. Nilisema. Nikaeleza habari ya muhogo mweupe na mahindi ya njano. Mwenye mashine alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mheshimiwa, leo ni unga, juzi ilikuwa dawa. Nesi achague." Watu wakacheka kidogo.

Afisa kazi hakuwa mtu mbaya. Aliziweka karatasi mbili mezani, ya kwangu na ya hospitali.

"Hizi zote mbili zinasema alipakwa dawa nyumbani," akasema.

"Ya hospitali imenakili yangu."

"Siku ile, ulimwuliza mkewe ni kitu gani?"

"Sikumwuliza."

Kuuliza si ujinga, watoto wa shule wanalijua hilo. Afisa alisema hawezi kuweka kumbukumbu ya nesi juu ya maandishi ya nesi huyohuyo. Fidia ikakataliwa. Tulirudi kwa miguu, mgonjwa akinisukumia baiskeli kwa mkono wake mzima, bila neno baya hata moja. Ningependa angenitukana.

Nyumbani mambo yalimwangukia mkewe. Mama mkwe wake alisema uani, kila mtu akisikia, kwamba dawa za mwanamke huyu zimekula haki ya mwanawe. Nikamwambia mama yule kwamba hakukuwa na dawa, kosa ni langu. Akanitazama. "Si mliandika?" akasema, akaendelea kuchambua maharage yake.

Niliendelea kwenda mpaka kidonda kilipofunga. Siku ya mwisho nilitoa daftari, nikaandika neno moja, nikalifunga. Mkewe, aliyekuwa hajanisemesha tangu siku ile ya maji ya moto isipokuwa salamu, akaja akasimama mbele yangu. Hakujua kusoma.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika kimepona."

"Na mimi umeniandika wapi?"

Nikamwonyesha ukurasa wa kwanza. Akaweka kidole juu ya mstari ule. "Andika kwamba sikumpaka kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba shauri limekwisha, na kwamba mganga mfawidhi amekataza. Sikumwambia. Niliandika chini yake, nikatia tarehe na sahihi, kisha nikamsomea: "Siku ya kwanza mke wa mgonjwa hakumpaka dawa yoyote. Ulikuwa unga wa mashine. Niliandika bila kumwuliza."

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuka, akamwita mama mkwe wake atoke jikoni.

"Soma tena," akaniambia.

Nikasoma tena, safari hii kwa Kiha, na kwa sauti.