Dhiraa Sita kwenye Ukuta wa Karakana

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la tano, nikajifunza kuchomelea vyuma kando ya mto Mathare, na leo, hapa hapa Nairobi, nina jumba la kupangisha mtaa wa Tassia na karakana yangu mtaa wa Lucky Summer. Nusu ya mageti unayoyaona ukipita huko ni mkono wangu. Uliza yeyote.

Kwenye ukuta wa karakana nilipima urefu wa Goliathi kwa mkono wangu mwenyewe: dhiraa sita, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na shubiri moja juu. Ilinibidi nipande ngazi. Nikapiga mstari mwekundu. Kila mteja nilimwonyesha: "Umaskini wangu ulikuwa mrefu hivi. Niliuangusha bila cheti." Watoto wa Sunday school waliletwa kuuona.

Chini ya mstari huo, kwa chaki, nilipima kijana wangu kila Desemba mpaka alipoacha kurefuka. Yeye ndiye wa kwanza nyumbani kupita darasa la tano. Nikampeleka chuo cha Biblia, nikitangaza karo kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia.

Alikuja likizo siku ambayo wazee wa kanisa walikuwa wamefuata bei ya madirisha. Nikawaonyesha mstari, kama kawaida. Kijana akasema, kwa upole kabisa, "Baba, kuna nakala za Kiebrania za zamani sana zilizochimbuliwa. Zinasema dhiraa nne na shubiri. Na mahali pengine katika kitabu hicho hicho cha Samweli, anayemuua Goliathi ni Elhanani, si Daudi."

Mzee mmoja akacheka hadi akashika ukuta. "Fundi! Kumbe jitu lako lingepita kwa mlango wa choo bila kuinama!"

"Na hata hilo," mwingine akadakia, "huenda liliuawa na jirani!"

Wakacheka wote. Nilihisi kama nimevuliwa shati sokoni.

"Toka," nikamwambia kijana. "Na karo ya kuja kunidharau, jilipie."

"Baba, sijakudharau. Mungu hapungui kwa dhiraa mbili."

"Toka!"

Alichukua begi. Chuo kilimrudisha kwa sababu ya karo. Nikasikia anabeba magunia kwenye kiwanda mtaa wa Baba Dogo, mwendo wa miguu tu kutoka kwangu. Niliapa sitaenda. Nilisubiri aje aombe msamaha. Krismasi ikapita, na nyingine. Nilipoenda, waliniambia kibarua kiliisha zamani, na hakuna aliyejua alikohamia. Simu yake haiingii.

Jumapili moja nilibaki karakana peke yangu, nikapima tena. Dhiraa nne na shubiri. Ngazi sikuihitaji. Mkono wangu ulifika vidole vinne juu ya alama ya mwisho ya chaki, ile ya kijana wangu. Nilikaa chini kwenye vyuma. Huyo ndiye jitu niliyemwangusha mbele ya watu.

Kesho yake nilipaka ukuta rangi, nikaufuta mstari mwekundu. Alama za chaki nilizizunguka polepole, nisiziguse. Hakuna aliyeuliza mstari umeenda wapi, na yule ambaye ningetaka auone ukuta hajui kwamba umepakwa. Rangi nyeupe lita moja, na brashi ndogo: shilingi mia saba na themanini.