Msimu Chai Ilipoachwa Ikomae

Juzi nilipanda pikipiki kutoka mji wa Kamembe, mpakani na Kongo, kwenda msibani, na tulipopita kiwanda cha chai harufu ya majani yaliyonyauka ikanijia puani. Nikamwomba dereva asimame. Kama ulikulia kwenye chai, unaijua harufu hiyo. Mimi hunikumbusha jirani yetu.

Tulikuwa tumerudi kutoka Kongo, bibi, mama yangu, ambaye tulimwita maman, na mimi, nikiwa bado mdogo. Jirani ndiye aliyempeleka maman kuchuma chai. Alfajiri wanawake walishuka na vikapu mgongoni wakiimba, sauti ya jirani ikitangulia. Jioni maman alirudi na vidole vyeusi kwa utomvu, bibi akamchemshia maji ya kunawa, tukala bugari, yaani ugali, na visamaki vya sambaza. Jirani alikuwa pia mjumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi. Aliyeumwa au kuonewa na msimamizi alimwendea yeye kwanza.

Kisha kiwanda kikauzwa. Patron mpya, yaani mwenye kiwanda, akakusanya watu, akasema kazi zitaendelea, ila sendika yeye haitambui. Hayo yalikuwa mambo ya mwenye kiwanda wa zamani. Jioni ile jirani alisimama mlangoni kwetu, hata kikapu hajatua.

"Bameuzisha kiwanda, sawa," akamwambia maman. "Lakini siye hatuko mbuzi ya kuuzishwa pamoja na kamba."

Kesho yake hakuna aliyechuma. Waliketi mbele ya lango, vikapu wamevifudikiza chini. Mimi na bibi tuliwapelekea maharage na ndizi za kupika. Bibi hakuchoka kurudia msemo wa Kinyarwanda, kwamba wanaojiweka pamoja hakuna kinachowashinda. Huko mashambani majani yalirefuka, yakakomaa, yakawa magumu. Mashine zikanyamaza. Nilizaliwa kwenye makelele ya mji wa Bukavu, kule Kongo. Kimya kile kilinitisha.

Mwishowe patron akawaita wajumbe. Walirudi na habari kwamba ataitambua sendika, ila jirani lazima aondoke kazini, maana ndiye aliyewachochea watu. Wakabishana pale barabarani, wengine wakilia. Kwetu unga ulikuwa umekwisha, na si kwetu tu. Jirani mwenyewe akakata maneno.

"Mukubali. Ile kitu tulikuwa tunatafuta, tumeipata."

"Na weye, dada?" maman akamuuliza.

"Miye niko na mikono. Bukavu iko karibu."

Siku patron alipotia sahihi makubaliano, vigelegele vilisikika hadi kwetu. Jirani alikuwa anafunga mizigo. Asubuhi iliyofuata alivuka mpaka na godoro kichwani, bibi akimsindikiza hadi darajani. Maman alikuwa shambani. Ilikuwa siku ya kwanza ya kazi baada ya mgomo na aliogopa kuomba ruhusa. Jioni aliketi jikoni bila kugusa chakula.

"Hata kumuaga, sikumuaga," akasema.

Tulisikia anauza nyanya sokoni Bukavu. Baadaye hatukusikia kitu. Bibi alifariki akimuulizia, na maman hakupenda jina lake litajwe, si kwa chuki, bali kwa uchungu. Sendika ingali ipo, ina mjumbe wake na ofisi ya bati.

Juzi, pikipiki iliposimama, nilitafuta nyumba yake kwa macho, nikaona chai imepandwa hadi ukingo wa barabara. Nikamuuliza msichana mmoja aliyekuwa akichuma kama anamjua mama aliyeishi pale.

"Pale?" akashangaa. "Pale hakukuwa muntu, maman. Tangu zamani ni chai tu."